Siku ya Kuwinda Kwale na Bei Yake ya Haki

Bwana wetu alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake hofu, alitaja bei ya ndege. Mathayo ameandika kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo. Luka ameandika kwamba watano waliuzwa kwa sarafu mbili. Mtu aliyezoea soko hachelewi kuona jambo lililomo: ukinunua wanne, wa tano ni nyongeza tu, hana bei. Na huyo asiye na bei naye Mungu hakumsahau. Nimelifikiri neno hili mara nyingi tangu Jumapili ile tulipoombwa shauri juu ya bei ya ndege, nasi tukashindwa kujibu upesi.

Ilikuwa baada ya ibada, hapa Makandana. Mvua ya Tukuyu, ambayo haimwombi mtu ruhusa, ilikuwa imeanza, nasi watu wanne tukajikinga barazani. Mzee mmoja akatoa barua ya mpwa wake. Kijana huyu anakaa katika kijiji cha tambarare, mbali na milima yetu, mahali ambapo serikali huwaruhusu wenye leseni kuwinda ndege wa kuliwa. Mgeni mmoja wa mjini, mwenye leseni yake na bunduki ya marisau, alikuwa ametaka apewe siku moja ya kuwinda kwale na kanga katika ardhi ya kijiji kile. Alihitaji mtu wa kumwongoza, na vijana wanane wa kuswaga ndege kutoka majanini, na mahali pa kupumzika adhuhuri. Halafu aliuliza, kwa adabu, “Mtanitoza kiasi gani?” Halmashauri ya kijiji ikamwachia mpwa yule ataje bei, kwa kuwa ndiye msomi wao. Naye akamwandikia mjomba wake: “Mjomba, nisaidie. Nikitaja ndogo wenzangu watanilaumu, nikitaja kubwa moyo wangu utanilaumu. Bei ya haki ni ipi?”

Mzee akasoma, akakunja barua, akatutazama.

Mwalimu mwenzangu, aliye kijana, akasema neno ni jepesi. Kwale ni mdogo kuliko kuku. Waulize kuku ni bei gani sokoni, upunguze kidogo, kisha uzidishe kwa hesabu ya ndege watakaopigwa. Wa pili, mfanya biashara ya ndizi, akacheka. Akasema mtu anayetoka mjini na gari la namna ile kwa ajili ya kwale hatafuti kitoweo. “Mtazameni uso, mtaje bei, mkiona hakushtuka basi mmetaja ndogo.” Na yule mzee mwenyewe akasema kwamba yeye angeona haya kutaja bei yo yote. Mgeni ni mgeni. Apewe njia na vijana na maji ya kunywa, na jioni atoe atakachotoa kwa moyo wake.

Basi, ndugu zangu, nilirudi nyumbani na maneno hayo matatu, na kwa siku kadha nikayapima. Niliyoyaona nayaandika hapa, maana nadhani neno hili si la kwale tu.

Nianze na mwalimu mwenzangu. Katika nchi ya Uingereza kuna ndege aitwaye fezanti, mkubwa kuliko kwale, mwenye mkia mrefu, wa jamaa ya kuku. Asili yake ni Asia, hakuzaliwa na nchi ile. Kila mwaka watu humlea kwa mamilioni kutoka mayai, wakamlisha nafaka, wakamwachia msituni wakati wa kiangazi chao, ili apigwe kati ya tarehe 1 Oktoba na tarehe 1 Februari. Wako watu waliotunza mashamba makubwa kwa kuuza siku za kumpiga. Na zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita, Waingereza wenyewe walikuwa na msemo wa mzaha juu ya jambo hili: kwamba ndege akipaa, imepaa gini moja, bunduki ikilia, zimekwenda peni moja na nusu, na ndege akianguka, zimeanguka shilingi mbili na nusu. Wasiojua fedha za zamani wajue kwamba gini ilikuwa shilingi 21. Yaani kumlea ndege yule mpaka siku ya kupigwa kuligharimu shilingi 21, na nyama yake sokoni ilipata shilingi mbili na nusu!

Mzaha huu unatufundisha kwamba mtu alipaye siku ya kuwinda hanunui nyama. Angetaka nyama angekwenda sokoni. Hata ndege wenyewe kule hawachukui: kwa desturi kila mpigaji hupewa wawili wa kwenda nao nyumbani, na wengine huuzwa. Anachonunua ni asubuhi, na umande, na moyo kudunda ndege wapaapo kwa kishindo, na hadithi ya kuwasimulia wenzake. Hivyo hesabu ya kuku haitufai. Tena ina hatari, nayo ni hii: bei ikihesabiwa kwa kichwa cha ndege, muuzaji huanza kutamani wafe wengi, na mnunuzi huanza kudai idadi aliyoahidiwa. Tarehe 18 Desemba 1913, mahali paitwapo Hall Barn, watu wachache pamoja na Mfalme George wa Tano walipiga fezanti 3,937 kwa siku moja. Husimuliwa kwamba mfalme mwenyewe alikiri njiani, wakirudi, kuwa labda siku ile walipita kiasi. Na hawa walikuwa ndege wa kufugwa, ambao mwaka wa pili wangeangushiwa mayai mengine chini ya kuku. Kwale wetu hana mtu wa kumlea. Akipigwa wote majira haya, majira yajayo tutauza majani matupu.

Kwa hiyo nikaandika jambo la kwanza: bei iwe ya siku, si ya ndege; na idadi ya ndege isiyopitwa itajwe kabla ya risasi ya kwanza, hata kama leseni ingeruhusu zaidi.

Sasa nije kwa mwenye ndizi, kwa sababu neno lake ndilo linalopendwa zaidi siku hizi, tena linasemwa hata na watu wa kanisa. Yeye asema: mgeni ana fedha, anataka kitu, hakuna anayemlazimisha, bei yo yote atakayokubali ni ya haki. Ni nani aliyeumizwa?

Swali hili si la leo. Tomaso wa Akwino, mwalimu wa kanisa aliyekufa mwaka 1274, alilitazama kwa makini. Alisema kwamba muuzaji akipata hasara kubwa kwa kuachana na kitu chake, ana haki ya kuihesabu hasara ile katika bei. Bali mnunuzi akipata faida kubwa au furaha kubwa, na muuzaji hakupoteza kitu, faida ile si mali ya muuzaji hata aiuze. Mnunuzi akitaka kutoa zaidi kwa shukrani, na atoe; hiyo ni hiari yake. Naye Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara, aliwakemea sana wafanya biashara wa siku zake waliosema kwamba wana ruhusa ya kuuza ghali kadiri wawezavyo. Aliona kwamba neno hilo linafungua mlango wa jehanamu, maana halimtazami jirani, linatazama shida yake au tamaa yake tu. Akawapa kipimo, nacho ni cha kawaida mno, hata mtu angeweza kukipita bila kukiona: hesabu gharama yako, na taabu yako, na hatari uliyoingia, na siku ulizotumia, ukazilinganishe na ujira wa kibarua wa kutwa.

Na sisi tulioletewa Injili na Wamoravian, ambao walifika Rungwe mwaka 1891, tuna mfano wa nyumbani. Katika mji wao wa Herrnhut alikuwako mfanya biashara, Abraham Dürninger, aliyeshika duka la ndugu mwaka 1747. Wakati ule kila mahali watu walibishana bei kama tubishanavyo sisi sokoni, mwerevu akapata kwa bei rahisi, mjinga akalipa mara mbili. Dürninger aliuza kwa bei moja kwa watu wote. Mtoto aliyetumwa dukani alilipa sawa na mtu mzima mwenye maneno mengi. Watu walimshangaa, lakini wakaja, kwa kuwa walijua hawatadanganywa.

Mwenye ndizi atanijibu kwamba hata serikali humtoza mtu wa nchi za nje zaidi ya mwananchi kwenye malango ya hifadhi za taifa. Ni kweli. Walakini ule ni ushuru, nao una sababu iliyo wazi: mwananchi amekwisha kuilipia hifadhi kwa kodi yake, na pengine kwa ardhi ambayo babu yake aliiacha. Bei ile imeandikwa langoni, kila mtu aisome. Haitoki katika uso wa mtu.

Lakini nataka kumjibu kwa jambo analolijua zaidi kuliko mimi. Wakulima wetu wa viazi huku Uporoto wanajua gunia la lumbesa. Mnunuzi huja na lori, hulijaza gunia mpaka mdomoni, kisha huliongeza kilemba kirefu cha kamba juu yake, halafu hulipa bei ya gunia moja. Serikali imekataza jambo hili mara nyingi. Mbona mkulima hukubali? Kwa sababu viazi vitaoza, ada ya shule inadaiwa, na lori jingine halipo. Mnunuzi naye husema maneno yale yale: nimemtajia, amekubali, sikumlazimisha, ni nani aliyeumizwa? Basi, rafiki yangu, ukimpima mgeni kwa unene wa mfuko wake, utamkataza vipi mwenye lori kukupima kwa wembamba wa mfuko wako? Kipimo ni kile kile, kimegeuzwa tu. Tukilia juu ya lumbesa, yatupasa tusimshonee mgeni lumbesa ya kwale.

Nilipomwambia hivi alinyamaza, kisha akasema, “Lakini yeye haumii kama sisi.” Nami nakiri kwamba ni kweli. Hilo lapunguza ubaya wake, haliufanyi wema.

Imebaki shauri la mzee, ambalo mwanzoni nilidhani ndilo jema kuliko yote, kwa kuwa lina harufu ya ukarimu wa baba zetu. Kijijini maji hayauzwi, wala njia haiuzwi. Lakini nilikumbuka habari ya Ibrahimu alipotaka kununua pango la Makpela apate kumzika Sara. Efroni Mhiti alisema mbele ya watu wote kwamba anampa bure, shamba na pango. Na katika kukataa kwake fedha, akapitisha bei: shekeli mia nne za fedha, kitu gani hicho kati ya marafiki? Ibrahimu, mtu mzima, alisikia vizuri. Akapima fedha zote mbele ya mashahidi, hakupunguza hata moja. Naona aliogopa zawadi kuliko bei. Zawadi ingeacha deni lisilo na mwisho, na kaburi la mkewe lingekuwa la kuombwa-ombwa.

Tena bei isiyotajwa huwaangukia wadogo. Hapa nitasema yaliyonipata mimi mwenyewe, ingawa ni ya zamani.

Nilipokuwa kijana nilikwenda kukaa na jamaa zangu katika tambarare za Usangu. Hii ilikuwa kabla sehemu ya bonde lile kufanywa pori la akiba mwaka 1998, ambalo baadaye, mwaka 2008, liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Alikuja bwana mmoja kuwinda kwale, nasi vijana sita tukaitwa kuswaga. Hakuna aliyetaja ujira. Tuliambiwa tu kwamba bwana ni mtu mwema. Tuliingia majanini kabla jua halijatoka. Majani yale yana makali, na chini yake kuna miiba, na umande wake ni baridi kama maji ya mto. Tulitembea kwa mstari, tukipiga fimbo na kupiga kelele, na kwale wakapaa mbele yetu mmoja mmoja, kisha wengi kwa pamoja. Mara ya nne au ya tano ndege mmoja aliruka chini chini, akageuka nyuma, na bunduki ikamfuata. Mwenzetu mmoja akashika bega akakaa chini. Punje moja ya marisau ilikuwa imemwingia. Haikuwa jeraha kubwa. Alifungwa kitambaa, akapewa chai iliyopoa, tukaendelea.

Jioni bwana yule alikuwa na hasira, kwa sababu alikosa ndege wengi. Akatupa fedha kidogo kwa wote sita, hata haikutosha kugawanyika sawa. Tuliambiwa kwamba mgeni mwingine, aliyekuja wiki iliyotangulia, alipiga vizuri akawamwagia vijana fedha nyingi. Mimi nilijiuliza njiani, na bado najiuliza: miguu yetu ilitembea pungufu siku ile? Bega la mwenzetu liliuma pungufu kwa kuwa bwana hakulenga vema? Ujira wetu uliwekwa juu ya mtutu wa bunduki ya mtu mwingine. Hayo ndiyo matunda ya kumwachia mgeni atoe kwa moyo wake. Moyo wake hupanda na kushuka, na ukishuka hauwaangukii wazee walioketi kivulini.

Tangu hapo nimejua kwamba kwanza yapasa kuuliza ni nani wanaopoteza kitu siku ile, hasa wale wasiokuwapo bei inapotajwa.

Watu hufikiri kwamba wanauza ndege. Sivyo. Ndege si wetu. Tangu amri ya gavana Mdachi Wissmann ya mwaka 1896, wakuu wa nchi hii wamekuwa wakisema ni nani awezaye kuwinda na kwa cheti gani. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yasema kwamba wanyama wa porini ni mali ya umma, wamewekwa mikononi mwa Rais kwa amana kwa ajili ya watu wote. Mgeni amekwisha kulipia leseni yake huko. Tukimtoza tena thamani ya kwale tutakuwa tumeuza cha mtu mwingine. Lakini miguu ni yetu. Shamba ni letu. Maarifa ya mahali kwale waliapo alfajiri ni ya yule mwongozaji, naye aliyapata kwa miaka mingi, kama fundi apatavyo ufundi. Huyo hawezi kulipwa sawa na mwenye fimbo tu. Na ardhi nayo ina haki yake. Katika nchi nyingi za bara zamani, tembo akiuawa, pembe iliyogusa udongo ilipelekwa kwa mtawala wa nchi ile, kwa kuwa mnyama alikula majani yake na kuangukia ardhi yake. Walijua kwamba mwindaji hawindi peke yake.

Basi tukakutana tena barazani, safari hii pasipo mvua, tukamwandikia mpwa hesabu. Tarakimu hizi nazitaja kwa mfano tu. Kila mahali pana bei zake. Tuseme siku ya jembe kule inalipwa shilingi 7,000. Kijana wa kuswaga apewe hizo, na 3,000 zaidi kwa ajili ya miiba na hatari, jumla 10,000. Wanane ni 80,000. Mwongozaji 25,000. Mama wa kupika na kuchota maji 10,000. Mfuko wa kijiji, kwa ardhi, 50,000. Na 30,000 ziwekwe kwa mtu mwaminifu kwa ajili ya mashamba yatakayokanyagwa. Jioni wakayatazame pamoja na mgeni, na isiyotumika arudishiwe. Jumla ni 195,000. Itajwe hiyo kwa mgeni huyu, na kwa atakayekuja kesho kwa baiskeli. Ilipwe sawa, akipiga ndege ishirini au asipige hata mmoja. Akijeruhi mtu, matibabu yote ni juu yake. Na ndege arukaye chini kuelekea vijana asipigwe kabisa.

Mwenye ndizi aliuliza kwa nini turudishe 30,000 ikiwa hakuna shamba lililokanyagwa, kwani mgeni hataziulizia. Mzee akamjibu, “Kwa kuwa sisi tutaziulizia.” Tukaiandika hivyo.

Tuliongeza neno moja la majira. Katika Kumbukumbu la Torati Waisraeli walikatazwa kumtwaa mama wa ndege pamoja na makinda yake. Mama aachwe aende zake. Kwale hutaga chini, majanini, penye miguu ya watu. Wakati wa kutaga siku isiuzwe, hata mgeni akiongeza bei mara tatu. Hapo swali si la bei tena, na mtu anayeuliza “kwa kiasi gani?” amekwisha kupotea njia.

Liko jambo moja ambalo hesabu yetu haikuliweza, nami sitalificha. Katika kijiji kile kuna mzee ambaye mjukuu wake alikamatwa na mtego wa kwale. Hakuwa na leseni, alitaka kitoweo. Mzee yule atasimama mlangoni pake atazame mgeni akipita na ndege kumi kiunoni, na vijana wakimbebea mfuko. Nitamwambia kwamba sheria ni ya wote, kwamba mgeni alilipa, kwamba watu wengi wakitega kila siku kwale watakwisha. Yote ni kweli. Lakini nikijiweka mahali pake naona kwamba kwake yeye tofauti kati ya mwizi na mwindaji ni karatasi, na karatasi ile inapatikana mjini kwa nauli asiyokuwa nayo. Hakuna shilingi tuliyoweza kuiandika ya kuponya hilo. Tulimwambia mpwa amwombe mgeni, kama sheria inamruhusu, awaache ndege wote kijijini isipokuwa wawili wake, nao wagawiwe nyumba kwa nyumba, kuanzia nyumba ya mzee yule. Nilipoiandika nilijua kwamba ni kidogo.

Baada ya majuma matatu barua ilikuja. Mgeni alikubali yote bila kubisha, ila alicheka kidogo juu ya mtu wa baiskeli. Kwale siku ile walikuwa wachache. Alipiga wanne, akalipa siku nzima, akawaacha wawili kwa mzee wa mjukuu, ambaye aliwapokea bila kusema neno. Vijana ndio walionung'unika: wawili wao walisema kwamba zamani, mgeni akifurahi, mtu aliweza kurudi na fedha za mwezi mzima. Mpwa asema bado hajui namna ya kuwajibu.

Shamba moja tu lilikanyagwa, la mtama, la mama mjane, kiasi cha hatua kumi. Alilipwa shilingi 4,000, na 26,000 zikarudishwa. Mjane alizihesabu zake mara mbili, akazifunga katika pindo la khanga, akamwambia mpwa kwamba wakija mara nyingine wapite upande wa mto, maana upande huu mtama unataka kutoa maua.